Mwezeshaji aliye peke yake hawezi kukataa kazi mbaya

Simu hupigwa Alhamisi, warsha ni Jumatatu. Ofisa wa mradi anaeleza kwa haraka: rasimu ya mpango mkakati iko tayari, wadau arobaini wamekwishaalikwa, ukumbi umelipiwa, kilichobaki ni mwezeshaji, mtu wa kuongoza majadiliano. Ukiuliza maswali mawili matatu unagundua kwamba maamuzi yamekwishafanyika na hata bajeti imegawanywa. Kinachotafutwa ni karatasi ya mahudhurio yenye saini, picha za watu wakiandika kwenye bango kitita, na aya moja ya ripoti itakayosema wadau walishirikishwa kikamilifu. Kila mtu anayefanya kazi ya uwezeshaji Tanzania anaijua simu hii. Wengi huikubali, kwa kuwa wakikataa, ofisa atampigia mwingine dakika hiyo hiyo na huyo mwingine hatasita.

Nimesikia mara nyingi wito wa kuwa na jumuiya ya kitaaluma ya wawezeshaji katika miji yetu, na karibu kila mara sababu zinazotajwa ni vyeti, kutambulika na kupata zabuni. Ni sababu halali, lakini naziona ndogo. Mwezeshaji analipwa na mtu mmoja ili awatumikie watu wengine. Anayelipa ni shirika, halmashauri au kampuni. Anaowatumikia ni wale waliokaa ukumbini. Siku pande hizo mbili zikitaka vitu tofauti, mtu asiye na wenzake nyuma yake ataelemea kwa mlipaji, hata awe mwadilifu kiasi gani. Wakili ana Chama cha Mawakili cha Tanganyika, kilichoanza 1954. Mhasibu ana NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, tangu 1972. Akiombwa kupitisha hesabu za uongo anaweza kusema taaluma yangu hairuhusu, na kauli hiyo ina uzito kwa sababu kuna chombo kinachoisimamia. Mwezeshaji akisema hivyo ataulizwa: taaluma gani?

Chukua Arusha. Ni vigumu kuupata mji mwingine Afrika Mashariki ulioishi kwa vikao kama huu. Kituo cha mikutano cha AICC kipo tangu 1978. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pia. Ukielekea Moshi unakutana na Tengeru, ambako taasisi ya maendeleo ya jamii inawaandaa maofisa wa kata na halmashauri, na mbele kidogo Usa River, kwenye kituo cha TCDC ambacho kwa miongo kadhaa kimefundisha mbinu shirikishi kwa watu kutoka bara zima. Hoteli za mji huu zinajazwa na warsha msimu ambao watalii ni wachache. Wawezeshaji wako wengi, na wengi wanafahamiana kwa sura. Wanachofahamiana kidogo ni kazi. Mtu anaweza kufanya uwezeshaji kwa miaka kumi bila mwenzake wa fani kuwahi kukaa nyuma ya ukumbi akamtazama.

Na Arusha ina kumbukumbu ya uwezeshaji wa ngazi ambayo wengi wetu hatutaifikia. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalifanyika hapa kuanzia 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na alipofariki Oktoba 1999 yakaendelezwa na Nelson Mandela hadi mkataba uliposainiwa tarehe 28 Agosti 2000, pande 19 zikiwa mezani. Januari ya mwaka huo Mandela aliwakemea waziwazi viongozi wa Burundi, mbele yao, kwa kuchelewesha amani wakati watu wao wanakufa. Miaka kadhaa baadaye, 2016, mazungumzo mengine ya Warundi yalipokabidhiwa kwa Benjamin Mkapa, cheo chake rasmi kilikuwa hicho hicho chetu: mwezeshaji.

Kwa nini Mandela aliweza kusema vile? Hekima yake na historia yake, bila shaka. Lakini kuna jambo jingine ambalo kwa wasimamizi wa vikao vya kawaida ndilo lenye uzito zaidi: hapakuwa na mtu pale ukumbini aliyeweza kumnyima kazi inayofuata. Uhuru wa namna hiyo hauwezi kupatikana kwa mwezeshaji mmoja mmoja wa Sakina au Njiro, mitaa ya hapa Arusha, anayesubiri malipo ya mwezi uliopita. Unaweza kupatikana, kwa kiasi chake, kwa watu ishirini wa mji mmoja waliokubaliana kazi gani hawaifanyi.

Wapo watakaosema uwezeshaji ni mtindo ulioletwa na wafadhili, kwa hiyo hauna haja ya jumuiya ya kudumu. Historia inawapinga. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, jirani wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi, na makumi ya maelfu ya viongozi hao walielekezwa wasihutubie. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua hatua: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Huo ni uwezeshaji mtupu. Katika muongo huo huo watafiti wa mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo walikuwa wakifanya utafiti pamoja na wanakijiji badala ya kuwachunguza kwa mbali, na walimwengu waliokuja kuandika juu ya utafiti shirikishi walijifunza mengi kutoka nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakatumia ngoma na maigizo kuwafanya wanakijiji wajadili matatizo yao wenyewe.

Ujuzi huo ulibaki kwa mtu mmoja mmoja. Kampeni zilikwisha, miradi ikafungwa, walioijua kazi wakazeeka nayo. Mbinu ziliporudi miaka ya 1990 zikiwa na majina mapya, tulizipokea kama wageni. Baadaye zikaingia serikalini kupitia mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule wa O&OD, na wawezeshaji wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wakapita vijijini kusimamia mikutano ya kuibua kaya maskini. Kila programu ilifundisha watu wake, ikawapa kabrasha lake, na ilipomalizika haikuwaacha na mahali pa kukutana. Nchi imelipia mafunzo ya wawezeshaji mara nyingi mno bila kuwa na mahali ambapo ujuzi wao unatunzwa.

Sasa fedha zenyewe zinayumba. Mwaka 2015 serikali ya awamu ya tano ilipobana semina na warsha za hotelini, wengi waliona kalenda zao zikifutika. Mwaka 2025 pigo lilikuja kutoka nje: Marekani ilisimamisha misaada Januari, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefungwa, na miradi mingi ya afya na utawala bora ikasimama katikati. Ukame wa namna hii huwafanya watu wagombanie kilichobaki kwa kushusha bei na kukubali masharti yoyote. Ndiyo maana naamini huu ni wakati wa kukaa pamoja, hata kama mioyo mingi inaelekea kwingine.

Tatizo la soko letu ni kwamba linapima vitu visivyo sahihi. Tazama fomu ya tathmini inayogawiwa saa kumi jioni. Inauliza kuhusu ukumbi, chakula, muda, na kama mwezeshaji alichangamsha. Mshiriki aliyepewa posho yake na kuruhusiwa kuondoka mapema anaandika "vizuri sana". Mratibu anafurahi kwa kuwa ratiba ilikwisha. Hakuna anayeuliza kama uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa watu waliokuwa ndani, au kama yule mama wa kona ya kushoto, ambaye ndiye pekee aliyewahi kuendesha kisima cha kijiji, alisema chochote siku nzima. Mwezeshaji hodari na mwezeshaji mchangamfu wanaandikiwa alama sawa. Mwenye jicho la kuwatofautisha ni mtu wa fani, na mtu wa fani hayupo ukumbini.

Gharama ya hali hiyo inaonekana vizuri zaidi mbali na hoteli. Fikiria mkutano mkuu wa kijiji Longido au Kiteto, ajenda ni mpango wa matumizi ya ardhi. Kisheria ni jambo zito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inautambua mkutano mkuu kuwa ndio wenye neno la mwisho katika mambo mengi ya ardhi ya kijiji, na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba linatakiwa liwe na wanawake wasiopungua watatu. Sheria imefanya sehemu yake. Haielezi namna ya kuuendesha mkutano ili neno hilo liwe la kweli.

Wanaume wamekaa kwenye viti mbele, wanawake chini nyuma yao, vijana wamesimama pembeni. Kama ni kiangazi, wafugaji wengi wako mbali na mifugo. Wataalamu wa wilaya wana ramani iliyokwishachorwa na gari linalopaswa kurudi kabla ya giza. Ramani inaelezwa kwa lugha ya ofisini, mwenyekiti anauliza kama wananchi wamekubali, mikono inanyooshwa, muhtasari unaandikwa. Miezi michache baadaye ng'ombe wanapita shambani kwa mtu, kwa sababu njia ya mifugo iliyokuwepo tangu enzi za babu haikuwekwa kwenye ramani, na waliokuwa wakiijua hawakuwepo. Kiteto wanajua migogoro ya wakulima na wafugaji inaweza kufika wapi.

Mwezeshaji anayeijua kazi angeanza wiki mbili kabla. Angeuliza mifugo inarudi lini, na kuomba tarehe isogezwe. Angewatenganisha kwanza wanawake, wafugaji na wakulima, kila kundi lichore ramani yake chini kwa majivu na mawe, kisha angeziweka ramani hizo pamoja na kuuliza kwa nini kisima kiko hapa kwenye hii na hakipo kwenye ile. Angeanza kuwasikiliza wale waliozoea kusema mwisho, kwa sababu anajua kwamba mzee mwenye heshima akishasema, mjadala umefungwa. Hakuna uchawi hapo. Yote hayo yanafundishika, na wapo wanaoyafanya. Lakini yanahitaji siku mbili za ziada, na bajeti imeandikwa siku moja. Nani atamwambia mkurugenzi kwamba siku moja haitoshi? Ofisa maendeleo ya jamii wa kata, peke yake, mwenye barua ya uhamisho ikimnyemelea? Mshauri binafsi ambaye malipo yake hayajatoka? Kauli hiyo hiyo ikitoka kwenye jumuiya inayojulikana mkoani, imeandikwa kwenye karatasi moja na inapelekwa kwa kila mteja kabla ya mkataba, inakuwa kanuni ya kawaida ya kazi. Mteja halazimiki kuichukia, wala mwezeshaji halazimiki kujitoa mhanga.

Chama cha Kimataifa cha Wawezeshaji, IAF, kiliundwa 1994 na kina maadili yake yaliyoandikwa na utaratibu wa kuthibitisha wanachama. Kinachonivutia kwao ni kwamba anayetaka kuthibitishwa lazima aendeshe kikao mbele ya watathmini. Insha na orodha ya kozi peke yake hazitoshi. Hapo wamepatia. Ila cheti hicho kinalipiwa kwa fedha za kigeni, na kinampima mtu mara chache, wakati sisi tunahitaji macho ya wenzetu mwaka mzima. Anayeweza kulipa na akalipe. Jumuiya ya mji haiwezi kungoja hilo.

Ianze hivi: jioni moja kila mwezi, darasa la kuazima, watu kumi hadi kumi na watano. Mmoja anaendesha kikao cha nusu saa juu ya swali la kweli alilonalo kazini, wengine ni kikundi. Kisha mrejesho, na mrejesho una sharti moja gumu: sema ulichokiona kabla ya kusema unachofikiri. "Ulimpa nafasi mtu yule yule mara nne, na mpaka dakika ya ishirini watatu walikuwa hawajafungua mdomo." Hiyo inasaidia. "Umefanya vizuri sana, hongera" haisaidii, na utamaduni wetu wa kupongezana utatusukuma huko kila mara, kwa hiyo msimamizi wa jioni awe mkali kidogo. Watu wakishazoeana, hatua inayofuata ni kutazamana kwenye kazi halisi: mwenzako anakaa nyuma kwa ridhaa ya kikundi, anaandika nani alisema, nani alikatishwa, uamuzi ulifikiwa saa ngapi na kwa njia gani. Mnazungumza mkiwa njiani kurudi. Nimejifunza zaidi kwa namna hiyo kuliko kwenye kozi yoyote niliyohudhuria.

Na kusiwe na posho. Nasisitiza hili kwa sababu najua litapingwa. Kikao kikianza kulipa nauli na chakula cha mchana, kitatafuta mfadhili, na mfadhili atakuwa na ajenda, na siku akiondoka kikao kitakufa kama miradi mingine ilivyokufa. Kila mtu anunue chai yake. Atakayekuja bila posho anahitaji kikao hicho kweli.

Kikwazo halisi, kuliko fedha, ni kwamba sisi ni washindani. Watu wawili waliokaa kwenye duara hilo Jumanne wanaweza kuwa wameomba kazi moja Ijumaa. Hofu ya kuibiwa mbinu ni ya kweli, nisiibeze. Lakini mbinu zenyewe ziko wazi kwa kila mtu. Kadi, ramani, kura za punje za mahindi, hakuna mwenye hati miliki. Anachouza mwezeshaji ni uamuzi wake wa papo kwa papo, na huo hauibiki kwa kutazamwa. Bei iachwe kwa kila mtu, tena Sheria ya Ushindani ya 2003 haitaki watoa huduma wakae wapange bei. Masharti ya ubora ni jambo jingine, na hapo tunaweza kukubaliana bila kuvunja sheria wala urafiki: siku za maandalizi zihesabiwe kuwa siku za kazi, kundi kubwa liwe na mwezeshaji mwenza, mwezeshaji azungumze na baadhi ya washiriki kabla ya ratiba kuandikwa, na ripoti isiseme watu waliamua jambo ambalo hawakuliamua. Hilo la mwisho ningependa liwe sharti la kuingia.

Nani aingie? Hapa nina wasiwasi na wale wanaotaka bodi, mtihani na leseni. Leseni ingemwacha nje mwalimu wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, mwenye elimu ya darasa la saba, ambaye anakaa na kikundi kwa miezi mingi, anashuhudia ugomvi wa kwanza wa fedha na anajua lini anyamaze. Ingewaacha nje waraghbishi, wale wahamasishaji wa vijijini. Ingemwacha laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamasai, aliyezoea kusikiliza kikao kirefu cha wazee mpaka kifikie makubaliano, na ambaye angefaidika kukaa meza moja na mama anayejua kwa nini wanawake hawasemi kwenye vikao hivyo. Daktari asiye na leseni anaweza kuua. Ubaya wa kikao kibovu unazuilika kwa njia nyingine, na njia hiyo ni kutazamana. Mlango uwe mpana, na kinachodaiwa kwa kila anayeingia ni kukubali kutazamwa.

Majirani zetu wa Kenya wanatuonyesha kwa nini jambo hili halitabaki la hiari milele. Katiba yao ya 2010 imefanya ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala, na kaunti zote 47 zinapaswa kuendesha vikao vya kusikiliza umma. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na moja ya hoja ilikuwa vipengele vilivyoongezwa baada ya wananchi kumaliza kutoa maoni; Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Oktoba. Bila kujali nani alikuwa sahihi, swali la kama watu walisikilizwa kweli limefika mbele ya majaji. Nchi ikifikia hapo, itahitaji watu wanaojua kusikiliza kikundi, na itawatafuta mahali walipo pamoja.

Usajili utakuja. Siku jumuiya itakapoanza kukusanya ada na kuingia mikataba, lazima ipite kwa Msajili wa Jumuiya, na iwe na katiba na akaunti. Ninachopinga ni kuanza huko. Tumeona vyama vingi vilivyotumia mwaka wa kwanza kubishania jina na nani awe mwenyekiti, na mwaka wa pili havikuwepo. Acha watu wakutane kwa mwaka mmoja kwanza, waandike kwa Kiswahili kile walichokijaribu na kilichowashinda, ili siku ya kuandika katiba wawe na cha kuandika.

Jambo moja la kulinda tangu siku ya kwanza ni uitishaji. Jumuiya ya aina hii huharibika upesi pale anayeitisha vikao anapokuwa mtu mmoja mwenye kampuni, kwa sababu baada ya muda mfupi wateja wataanza kumpigia yeye kana kwamba ndiye jumuiya, na wengine watageuka kuwa vibarua wake. Mwitishaji abadilike kila baada ya miezi mitatu, na awamu ya kwanza apewe mtu asiye na kampuni wala mkataba wa kutafuta: ofisa wa kata, au mwalimu wa VICOBA. Darasa la Tengeru linatosha, na saa kumi na moja jioni ni muda mzuri kwa waliotoka kazini.